Shakshuka ya watu wawili: kiini kinakauka, ute bado mbichi. Nakosea wapi?

kijana_wa_magomeni

Habari za muda huu wakuu, naomba msaada wa jikoni, na naomba wajibu wale waliopika kwa mikono yao maana nimeshaharibu mayai ya kutosha wiki hii. Wife alikulia Muscat, walirudi Bongo akiwa form two, sasa kuna chakula anakitaja kila Ijumaa asubuhi, shakshuka, yale mayai yanayopasuliwa mazima mazima juu ya rojo la nyanya lenye pilipili yakaivia humo humo, mnakaa mnachovya na mkate. Alikuwa anapikiwa na mama yake. Mimi nikasema ngoja nimfanyie, tupo wawili tu ndani, mayai manne na nyanya itanishinda nini.

Nilivyofanya ni hivi. Nimechukua fraipani letu kubwa, lile la kukaangia samaki, nikakaanga kitunguu, nikatia hoho na nyanya nne za kukatakata, zikakaa kama dakika tano hivi, nikapasulia mayai manne nikaacha moto juu nikisubiri yaive. Kilichotokea, rojo lilikuwa majimaji kama supu, mayai yakasambaa yakaungana yote manne, chini yakaanza kushika huku juu ute bado unatikisika kama kamasi, nikasema basi niyaache ute ushike, ile umeshika tu kiini nacho kigumu kama cha yai la kuchemsha. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jana nimerudia mara ya tatu, yale yale. Wife kala kimya hakusema neno, na kimya chake ndio kimenileta hapa.

Nina jiko la gesi la plati mbili, oven sina, sufuria zangu ni hizi za alumini za kawaida na hilo fraipani. Msaada tafadhali, Ijumaa nataka nirudie.

mpishi_temeke

Funika mkuu. Hujataja mfuniko popote hapo. Yai linapata moto kwa chini tu, juu litaivaje? Funika, mvuke ndio unaivisha huo ute wa juu. Na punguza moto.

bi_mkubwa_wa_vuga

Mwanangu, mfuniko ni kweli lakini ugonjwa wako umeanza kabla ya mayai. Tungule, yaani nyanya, hazijaiva. Dakika tano tungule ndo kwanza zinatoa maji, wewe ushapasulia mayai, sasa yai likianguka kwenye maji litafanya nini zaidi ya kutawanyika? Tungule karibu yote ni maji, hayo maji lazima uyakaushe mwenyewe kwa subira, hamna njia ya mkato.

Mie nafanya hivi kwa watu wawili. Tungule sita za wastani zilizoiva barabara, nyekundu mpaka ndani, kama nusu kilo na kidogo. Usizikatekate, zikate nusu uzikune kwenye kikwaruzo kile cha karoti, ganda linabaki mkononi unalitupa. Kitunguu maji kimoja kikubwa kikate vyembamba, tia mafuta vijiko vitatu vya kulia, na usiyaonee choyo maana ndo yatakayokwambia mambo baadae. Kitunguu kilainike mpaka kigeuke rangi ya dhahabu, hapo tia hoho, thomu (kitunguu saumu) punje tatu umezitwanga, bizari ya pilau nusu kijiko cha chai iliyosagwa, zikaangike na mafuta mpaka usikie harufu imejaa nyumba, ndo umimine tungule. Chumvi tia hapo hapo. Kisha moto wa wastani, mwiko mkononi, dakika kumi na tano mpaka ishirini. Utajua imekuwa pale mafuta yanapojitenga yakapanda juu pembeni pembeni, na ukipitisha mwiko katikati ya sufuria ile njia inabaki, hairudi kujifunga kwa haraka. Ikiwa inajifunga palepale, bado. Ukiona imekuwa nzito mno inashika chini tia maji robo kikombe, ila iwe umeshaiivisha kwanza, usije ukachanganya maji ya tungule mbichi na maji ya kulegezea, si kitu kimoja.

Na hilo fraipani la samaki liweke pembeni. Watu wawili, mayai manne, chombo kiwe kidogo, upana wa sahani ya kulia chakula. Kwenye chombo kipana rojo linatandikwa jembamba kama rangi ukutani, yai linagusa chuma moja kwa moja. Rojo liwe na kina cha vidole viwili ndo yai linapata pa kukaa.

kijana_wa_magomeni

Shikamoo bi mkubwa. Asante sana, hapo kwenye mafuta kujitenga nimeelewa maana ndivyo mama anavyosemaga kwenye rosti, sikujua na huku ni sheria hiyo hiyo.

bi_mkubwa_wa_vuga

Marahaba mwanangu. Ndo hiyo hiyo. Hii ni rosti, tofauti yake na mchuzi wa mayai ni kwamba huku yai halichemshwi pembeni.

jiko_ni_langu

Naongezea ya bi mkubwa upande wa yai lenyewe maana mimi nilisumbuka hapo mpaka nikatafuta sababu. Yai lina vitu viwili vinavyoiva kwa joto tofauti. Ute unaanza kushika kwenye nyuzi 62 hivi lakini haukazi vizuri mpaka ukaribie 80, kiini kinaanza kuwa kizito kwenye 65 na kikifika 70 kimeshashika. Yaani kiini kinawahi kuganda kabla ute haujakaza wote, ndio maana ukisubiri ute wa juu ukazwe na moto wa chini peke yake unakuta kiini kimeondoka zamani. Sio wewe tu, ni yai ndivyo lilivyo.

Dawa yake ni kuusaidia ute. Rojo likishakuwa zito shusha moto mpaka wa chini kabisa, tengeneza vishimo vinne kwa mgongo wa kijiko, vishimo vya kweli mpaka karibu uone chini, pasulia yai kwenye kikombe kwanza halafu limimine taratibu kwenye kishimo lake hilo. Ukipasulia moja kwa moja juu ya sufuria likiwa bovu umeharibu chakula chote, na kiini kikipasuka huna pa kukirudishia. Yakishakaa yote manne chukua uma, ute ule unaoelea pembeni uburuze kidogo uingie kwenye rojo linalozunguka, huku na huku, bila kukigusa kiini. Ule ute mwingi ukishachanganyika na rojo la moto unaiva haraka, unabaki ule mzito unaokikumbatia kiini tu. Hapo ndio ufunike sasa, dakika tano, uangalie, ukiona bado sita saba. Zima jiko wakati ute wa juu ya kiini umegeuka mweupe lakini ukitikisa sufuria kiini bado kinacheza, maana rojo lina joto lake litaendelea kuivisha hata mezani.

Jambo lingine mayai yawe mapya. Yai likikaa siku nyingi ute wake unakuwa mwepesi kama maji, hilo litasambaa hata ufanyeje. Lipime kwenye bakuli la maji, likilala chini kabisa ni jipya, likisimama wima limekaa, likielea achana nalo. Na kama yanatoka kwenye friji yatoe mapema baridi liyatoke.

nipo_ruwi

Salaam kutoka Muscat. Ndugu yangu kabla ya yote muulize wife mama yake alikuwa anavuruga au anaacha mazima. Nauliza kwa sababu huku nyumba nyingi shakshuka yao ni ya kuvuruga, nyanya na kitunguu vinaiva halafu mayai yanapigwa mwiko humo humo, hata Wayemeni ndivyo wanavyofanya, wanaivuruga wanaila na mkate mkubwa wa tanuri na pilipili yao ya kusaga ya nyanya, sahawiq. Hii ya mayai mazima yanayokutazama ni ya kule Afrika Kaskazini zaidi, ingawa mahoteli ya huku siku hizi yanapika zote mbili. Unaweza ukahangaika na kiini wiki nzima kumbe mtu anakumbuka kitu kingine.

Nyumbani kwetu tunatia na ndimu kavu ya kusaga, kidogo tu kwenye ncha ya kijiko, na tunakula na mkate wa rakhal, ule mwembamba kama karatasi, na chai ya maziwa yenye iliki. Kwa huko chapati nyembamba itafaa.

kijana_wa_magomeni

Nimeuliza. Anasema mama yake alikuwa anaacha mazima, jirani yao alikuwa mama wa Kitunisia ndio alimfundisha. Hilo la ndimu kavu alivyolisikia amecheka akasema "eeh, ndiyo" lakini hajafafanua.

aliyekaa_tunis

Jirani Mtunisia basi mambo yamenyooka, hapo naweza kusaidia. Sisi tuliishi Tunis miaka ile Benki ya Maendeleo ya Afrika ilivyohamia kule kutoka Abidjan, ilihama 2003 ikarudi 2014, familia za kutoka huku kwetu zilikuwepo na wengi tulijifunza kupika kwa majirani. Watunisia na Walibya ndio wenyewe wa hiki chakula, jina lenyewe kwa Kiarabu cha kule wanasema maana yake ni mchanganyiko, vitu vimechanganywa. Waliokisambaza mpaka Israel ni Wayahudi waliohama kutoka Tunisia na Libya, ndio maana leo hotelini duniani kote unakikuta kimeandikwa ni cha Israel, lakini ukimwambia hivyo mama wa Kitunisia atakukalisha chini akueleze.

Sasa kitu ambacho hamjakitaja hapa, na kwa Mtunisia bila hicho hakuna shakshuka, ni harissa. Ni pilipili nyekundu zilizokaushwa, zinalowekwa zikalainika, zinatwangwa na kitunguu saumu, chumvi, mbegu za giligilani na kisibiti, halafu inafunikwa na mafuta ya zeituni. Wanaiheshimu mpaka mwaka 2022 UNESCO wameiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni. Kule kila mwanamke ana chupa yake na anajua ya nani ni kali na ya nani ina harufu nzuri. Kwa Dar usihangaike kutafuta ya kopo, nunua pilipili ndefu nyekundu za kukaushwa kama saba nane, toa mbegu, loweka maji ya moto nusu saa, twanga na saumu punje mbili na chumvi na giligilani ya kukaanga kidogo, kisibiti ukikipata weka, tia mafuta. Hiyo itakaa kwenye chupa safi kwenye friji wiki nzima alimradi mafuta yafunike juu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha watu wawili, ikaangike na kitunguu kabla ya nyanya, ile dakika moja rangi inavyotoka mafuta yakawa mekundu kabisa, hapo ndio utaona tofauti. Usitie pilipili mbuzi mbichi badala yake, ukali utaupata ila ile ladha ya pilipili kavu iliyokaangwa hutaipata, inakuwa ni ukali peke yake umesimama.

Na mkate jamani. Mkate wa slesi unalowa unakatika. Chukua boflo au ule mkate mrefu mgumu kidogo, uupashe moto juu ya jiko.

dada_wa_kliniki

Samahani naingilia, mimi ni nesi. Kaka hapo juu, wife hana ujauzito? Nauliza tu kwa sababu kila mtu anashauri kiini kiwe laini.

kijana_wa_magomeni

Dada umejuaje? Ana miezi mitano. Ndio maana hata hamu ya hicho chakula imezidi, mwanzo alikuwa anakitaja tu sasa hivi anakiota. Kuna shida?

dada_wa_kliniki

Hongereni sana kaka. Shida ni salmonella, ni bakteria anayeweza kuwepo ndani ya yai hata ganda likiwa safi kabisa, na anakufa yai likiiva vizuri. Mtu mzima mwenye afya akiumwa ataharisha na kutapika siku kadhaa atapona, lakini mjamzito akipata homa na kuharisha akaishiwa maji mwilini ni jambo lingine, ndio maana kliniki tunasisitiza yai la mjamzito liive kiini kikashika chote na ute wote uwe mweupe. Hiyo ni pamoja na watoto wadogo na wazee. Na yai lenye ufa msitumie, hata ufa mdogo. Wewe unaweza kula lako laini ukipenda, la kwake liive.

mkazi_wa_Leicester

Dada mbona huku Uingereza tangu 2017 wamesema mjamzito ruksa kula yai laini? Mimi nilikula nikiwa na mtoto wangu wa pili na mkunga wangu alijua.

dada_wa_kliniki

Ni kweli mdogo wangu, ila soma vizuri walichosema, ni mayai yenye mhuri ule mwekundu wa simba, kwa sababu yanatoka kwa kuku waliochanjwa salmonella na wanafuatiliwa. Trei ya mayai ya dukani kwa Mangi haina mhuri huo. Siwezi kumwambia mtu wa Magomeni akafuate ruhusa ya yai la Leicester.

mkazi_wa_Leicester

Hapo sawa dada, nimekuelewa. Sikufikiria upande huo.

kijana_wa_magomeni

Aisee asanteni, sikuwa nalijua kabisa hili, na kumbe ile kimya kimya ya mara ya tatu kiini kikiwa kigumu ndio alikuwa salama. Sasa nifanyeje, nipike mara mbili? Maana yeye raha yake ni tule sufuria moja, anasema shakshuka hailiwi kwenye sahani.

bi_mkubwa_wa_vuga

Usipike mara mbili. Sufuria moja, rojo moja, mayai yaingie kwa zamu. Ya mkeo mawili yatangulie, upande mmoja wa sufuria, funika dakika tano. Kisha funua, ya kwako mawili yaingie upande wa pili, funika tena dakika tano. Ya kwake yatakuwa yamekaa dakika kumi yameshika mpaka ndani, bonyeza kiini kwa kidole juu ya kijiko, kikiwa kigumu basi, kikibonyea ongeza. Ya kwako yatakuwa laini. Ila rojo liache legelege kidogo safari hii kuliko nilivyokwambia, maana dakika kumi chini ya moto litazidi kukauka, na likikauka yai la aliyetangulia litakuwa gumu kavu, ugumu mbaya huo. Yai lililoiva likikaa kwenye rojo lenye mafuta yake linabaki laini mdomoni hata kiini kikishika.

Na upande wa mkeo tia alama, nyunyiza kotmiri upande wake tu, msije mkachanganya mkiwa mnachovya.

mpishi_temeke

Hii ya zamu sijawahi kuifikiria, nitaifanyia wanangu. Mdogo ana miaka miwili namkatalia kila siku yai laini analia.

jiko_ni_langu

Halafu kitu kimoja tu, kama unatumia sufuria ya alumini usiache rojo la nyanya lilale humo. Nyanya ina uchachu unakula alumini, asubuhi unakuta ladha ya chuma na sufuria imefanya madoa. Ikibaki hamishia kwenye bakuli.

kijana_wa_magomeni

Wakuu nimerudi, ni Ijumaa saa tano asubuhi na sufuria imeshaoshwa.

Harissa nilitengeneza jana usiku, nyumba nzima ilinuka vizuri, pilipili nane, mikono bado inawasha. Leo nimeamka kabla yake. Nyanya nimezikuna, nilipomimina kwenye kitunguu nilisimama pale pale na mwiko dakika ishirini na mbili kwa saa ya simu, dakika ya kumi nilishakata tamaa nikaona bado ni supu tu, kufika ya kumi na nane ghafla mlio wa sufuria ukabadilika, ule mchemko wa maji maji ukawa unalia kama kitu kinachokaangwa, nikaangalia pembeni mafuta mekundu yametoka yamezunguka. Nikapitisha mwiko katikati, njia ikabaki. Bi mkubwa nilikukumbuka hapo hapo.

Nikatumia sufuria ndogo ile ya kupikia wali wa watu wawili. Mayai yake mawili yakaingia kwanza, kimoja nilikipasua kiini kwa uma bahati mbaya lakini kwa kuwa la kwake linaiva lote haikuharibu kitu, nikafunika, dakika tano, nikaingiza ya kwangu. Nilipofunua mara ya mwisho mayai yake yamekuwa meupe yamejaa, ya kwangu viini vinacheza. Nikanyunyiza kotmiri upande wake, nikaipeleka sufuria mezani juu ya kitambaa na boflo nimeshaipasha.

Akamega mkate akauzungusha kwenye rojo kabla hata ya kugusa yai. Akala tonge la kwanza, la pili, halafu akasimama akachukua simu akampigia mama yake Muscat, mimi namsikia tu anasema "mama, amepata, imebaki ndimu kavu." Wameongea nusu saa. Mama mkwe akaomba aongee na mimi akanipa vipimo vyake vya ndimu, kumbe yeye anatoboa ndimu kavu nzima anaichemsha ndani ya rojo, haisagi, halafu anaitoa kabla ya mayai.

Sasa swali la mwisho, ndimu kavu kwa hapa Dar naipata wapi?

nipo_ruwi

Kariakoo kwenye maduka ya viungo, ulizia za kutoka Oman, nyeusi nyeusi nyepesi kama ganda tupu. Ukikosa niambie, kuna ndugu yangu anakuja mwisho wa mwezi nitampa robo kilo.

bi_mkubwa_wa_vuga

Itoboe pande mbili kwa uma na utoe mbegu kabla, mbegu zinatia uchungu.